Dawa ya saratani inapomwagwa moja kwa moja tumboni

Shangazi yangu analima viazi Uyole. Siku moja tulikuwa kwenye benchi la hospitali hapa Mbeya, tukimsubiri jirani yake mwenye saratani ya ovari amalize dripu. Akanigeukia: "Mwanangu, ugonjwa uko tumboni, dawa wanampa mkononi. Kwa nini wasimmwagie humo humo?"

Wapo wanaomwagiwa. Inaitwa tibakemikali ya ndani ya tumbo. Dawa huingizwa kwenye uwazi uliozungukwa na peritoneo, ule utando mwembamba unaofunika ukuta wa tumbo na viungo vyake. Saratani za ovari, utumbo mpana na mfuko wa chakula hupenda kujipandikiza hapo kama punje ndogondogo. Dawa ikimwagwa humo hukaa kwa wingi ambao mwili usingeuvumilia kupitia mshipa, maana utando huiachia iingie kwenye damu polepole.

Kikwazo ni kina. Dawa hupenya milimita chache tu. Uvimbe mkubwa kama kiazi utalowa ganda, ndani ubaki vile vile. Njia za kuimwaga ziko tatu, na kwa sababu hiyo mbili za mwanzo hutanguliwa na upasuaji wa kuondoa uvimbe wote unaoonekana, au kubakiza vipande vidogo sana.

Ya kwanza ni ya mpira. Kisanduku kidogo hushonewa chini ya ngozi, karibu na mbavu za chini, na mpira wake huingia tumboni. Dawa huchanganywa na lita moja au mbili za maji ya chumvi yaliyopashwa uvuguvugu, kisha mgonjwa hugeuzwa ubavu huu na huu ili isambae. Hurudiwa kwa mizunguko, kama dripu. Utafiti wa Marekani uliotoka 2006, wa wanawake 415 wenye saratani ya ovari, ulionyesha nusu ya waliochanganyiwa njia hii na dripu waliishi zaidi ya miezi 65.6, kwa waliopata dripu peke yake ilikuwa 49.7. Ila asilimia 42 tu ndio waliomaliza mizunguko yote sita ya tumboni. Tumbo kuuma, mpira kuziba, maambukizi: wengi walishindwa njiani.

Ya pili ni HIPEC, yaani tibakemikali ya tumboni inayopashwa moto. Hii hufanywa mara moja tu, mgonjwa akiwa bado usingizini mezani. Uvimbe ukishatolewa, mashine huzungusha dawa ya nyuzi 41 hadi 43 tumboni kwa dakika 30 hadi 90. Joto huipa dawa nguvu na kuzidhoofisha seli za saratani. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2018 ulionyesha iliwasaidia wagonjwa wa saratani ya ovari: nusu yao waliishi zaidi ya miezi 45.7, dhidi ya 33.9 kwa waliopasuliwa bila HIPEC. Usizilinganishe namba hizi na zile za 2006, kwani hawa ugonjwa wao ulikuwa umesambaa kiasi cha kuanzishiwa dripu kabla ya kupasuliwa. Ufaransa walipoijaribu kwa saratani ya utumbo mpana, wakitumia dawa ya oksaliplatini kwa dakika 30, haikurefusha maisha kuliko upasuaji peke yake. Mtu akikusifia HIPEC, muulize kwanza ni kwa saratani ipi.

Ya tatu, PIPAC, yaani tibakemikali ya tumboni inayopulizwa kwa shinikizo, ilianza kwa wagonjwa Ujerumani mwaka 2011, na hii shangazi aliielewa mara moja, kwa sababu ni bomba la kupulizia. Matundu madogo mawili hutobolewa, tumbo hujazwa gesi, dawa kidogo hupulizwa kama ukungu na kuachwa kwa nusu saa. Wahudumu wote hutoka chumbani, mashine ikaendeshwa kutoka nje, wasiivute dawa. Huweza kurudiwa kila baada ya wiki sita hivi, na hupewa zaidi wale ambao uvimbe wao hauwezi kutolewa wote. Lengo ni kuuzuia ugonjwa na kupunguza maji tumboni. Kuponya ni habari nyingine.

"Na ukungu huo unafika kila mahali?" akauliza. Nikamwambia vipimo vimeonyesha hapana, sehemu iliyoelekeana na mdomo wa bomba hupata zaidi.

"Kama viazi," akasema. "Ukipiga juu tu, chini ya jani ugonjwa unaendelea."

Jirani akatoka na plasta mkononi. Tukamfunika kitenge, tukashuka kutafuta bajaji.