Mkuu wa watawa wapiganaji hakuwa mfalme

Wengi hudhani mkuu wa shirika la watawa wapiganaji wa Zama za Kati alitawala bila kuulizwa. Sivyo. Mwaka 1410, majeshi ya Poland na Lithuania yalipowasaga Wateutoni, shirika la Kijerumani la watawa wapiganaji, huko Grunwald na kumuua mkuu wao, Heinrich von Plauen ndiye aliyeiokoa ngome ya Marienburg, makao yao makuu. Novemba akachaguliwa mkuu. Shukrani hazikudumu hata miaka mitatu! Fidia ya vita ilidai fedha nyingi, kodi zikapanda, miji ikanung'unika, naye aking'ang'ania kupigana tena. Mwaka 1413 jemadari wake, Michael Küchmeister, aligoma kuendelea na vita. Oktoba, watawa wenzake wakamvua Plauen cheo, kisha wakamfunga. Januari 1414 aliyekalia kiti chake ni Küchmeister huyohuyo.