Temostati: swichi inayohisi baridi

Kama umewahi kunyoosha nguo kwa pasi ya umeme, temostati unaijua hata kama jina hukuwa nalo. Pasi inapata moto, unasikia "tak", kitaa kinazimika. Ikipoa kidogo, kinawaka tena bila wewe kugusa kitu. Ndani mna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Moja hutanuka zaidi ya nyingine, basi kikipata joto kipande chote hupinda na kukata umeme.

Temostati ya hita iliyoko ukutani, kwenye nyumba za Marekani na Kanada, ni hiyo hiyo. Ile ya duara ya kampuni ya Honeywell, iliyotoka 1953 na bado imebandikwa kwenye nyumba nyingi za zamani, ina metali mbili zilizoviringishwa kama konokono, na juu yake kichupa cha kioo chenye tone la zebaki. Fungua kifuniko uipulizie pumzi: utaona kichupa kinainama polepole, tone linabingirika upande wa pili. Chumba kikipoa linarudi, linaunganisha nyaya mbili, na hita inawaka. Ndiyo maana fundi huifunga kwa pimamaji. Ikikaa upande, inadanganya.

Ni swichi tu, si koki ya gesi. Wengi wetu tukirudi kutoka kazini na kukuta nyumba barafu huizungusha hadi mwisho, tukidhani joto litakuja mbio. Haliji. Hita nyingi zina nguvu moja tu. Ulichofanya ni kuiambia ichelewe kuzima, na usiku wa manane utaamka unatoka jasho.

Ya kidijitali inayopangiwa saa haina zebaki. Ina kihisi kidogo cha joto, na kikubwa zaidi, ina saa. Hiyo saa ndiyo unayoilipia. Unaiambia: saa mbili asubuhi tukitoka, shusha, saa kumi na moja jioni, pandisha. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema ukishusha nyuzi 7 hadi 10 za Farenhaiti (kama 4 hadi 6 za Selsiasi) kwa saa 8 kila siku, unaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za kupasha joto na kupoza nyumba kwa mwaka. Ukiinunua halafu ukaiacha kwenye joto moja mwaka mzima, umenunua saa ya ukutani ya bei mbaya.

Kuibadilisha si kazi ya kutisha, ila zima umeme wa hita kwanza, kisha piga picha nyaya kabla hujachomoa hata mmoja. Fuata herufi iliyoandikwa mahali kila waya ulipofungwa, usifuate rangi: R ni umeme unaoingia, W ni joto, Y ni ubaridi, G ni feni. C hurudisha umeme na kuilisha skrini; kama haupo, tafuta aina inayotumia betri. Nyaya hizi ni nyembamba, za volti 24. Ukikuta nene, za hita ndefu za umeme zinazokaa chini ya dirisha, simama hapo hapo: hizo ni volti 120 au 240, zinataka temostati ya aina yake, na fundi.

Ile kuukuu usiitupe kwenye pipa. Zebaki ni sumu, kwa hiyo ipeleke nzima kwenye kituo cha kukusanya taka za hatari. Ukutani itabaki alama ya duara yenye rangi ya miaka iliyopita, na mpya ni ya mstatili, haiifuniki. Weka akiba ya rangi.