Dawa muhimu ni zipi, na nani huamua?

Kibao cha "Duka la Dawa Muhimu" kimezoeleka katika miji midogo na vijiji vya Tanzania tangu mpango wa maduka hayo uanzie mkoani Ruvuma mwaka 2003. Wengi wanakielewa hivi: duka dogo, lina dawa za maumivu, za malaria na za kuharisha, ukitaka dawa "kubwa" nenda famasi. Si makosa, ila jambo lenyewe limebaki nyuma ya kibao. Dawa muhimu ni dhana ya kisera. Ina kitabu chake cha serikali, na kitabu hicho ndicho kinachoongoza daktari aandike nini, Bohari ya Dawa (MSD) inunue nini na bima ilipe nini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema dawa muhimu ni zile zinazokidhi mahitaji ya kiafya yaliyopewa kipaumbele katika jamii. Ili dawa ipite huulizwa mambo matatu: ugonjwa huo unawasumbua watu kiasi gani, kuna ushahidi gani kwamba dawa inatibu na ni salama, na gharama yake ikoje ukiiweka pembeni ya dawa nyingine za ugonjwa huohuo. Maelezo hayaishii hapo. Dawa ikishachaguliwa inapaswa kupatikana wakati wote, kwa kiasi cha kutosha, ikiwa na ubora uliothibitishwa, kwa bei ambayo mgonjwa na jamii wanaimudu. Tunapoizungumzia orodha huwa tunakumbuka ule mchujo wa mwanzo na kuisahau ahadi hii ya pili, na kwa maoni yangu ahadi ndiyo yenye uzito zaidi.

WHO ilitoa orodha yake ya kwanza ya mfano mwaka 1977, ikiwa na dawa zipatazo 200. Tanzania ilikuwa imeshatengeneza ya kwake tangu 1970. Miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na UNICEF, zahanati zikawa zinapokea dawa muhimu katika makasha yaliyofungwa tayari. Kasha lilikuwa lilelile kila mahali, kwa hiyo kijiji chenye malaria nyingi kilimaliza dawa za malaria mapema huku nyingine zikirundikana mpaka muda wake unakwisha. Baadaye vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kulingana na matumizi yao.

Leo orodha na mwongozo wa tiba vimo katika juzuu moja: Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021. Wahudumu wa afya wanaiita STG/NEMLIT, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Kuviunganisha hivyo si kubana karatasi. Wataalamu huanza na ugonjwa: nimonia ya mtoto, kisukari, kifafa cha mimba. Wanakubaliana tiba ya kwanza iwe ipi, na ikishindikana ifuate ipi. Dawa inaingia kwenye orodha kwa sababu kuna ugonjwa ndani ya mwongozo unaoihitaji. Isiyo na kazi katika mwongozo haina mlango wa kuingilia.

Malaria inaonyesha vizuri. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba: rahisi, chungu, inayojulikana mpaka kwa watoto. Vimelea vilipokuwa sugu, Tanzania iliiondoa mwaka 2001 na kuweka SP (mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini). Nayo ikachoka haraka, na mwishoni mwa 2006 dawa mseto ya ALu ikachukua nafasi. Hata hivyo SP haikutupwa. Haitumiki tena kumtibu mgonjwa wa malaria, lakini mama mjamzito bado anapewa kliniki kama kinga. Kumbe swali kwamba dawa fulani ni nzuri au mbaya halitoshi. Lazima useme nzuri kwa nini, na kwa nani.

Kwa malaria kali, kwinini ya dripu ilitawala wodi zetu mpaka utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulipochapishwa mwaka 2010. Watoto zaidi ya 5,400 walihusishwa. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na waliochomwa sindano ya artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata WHO ikaelekeza artesunate iwe tiba ya kwanza kwa watoto pia, na miongozo ya nchi ikafuata. Mzazi aliyezoea dripu ya kwinini angeweza kudhani mwanawe amepunjwa kwa kupewa sindano.

Sasa usalama. Mtu anaweza kudhani orodha fupi inamnyima mgonjwa uchaguzi. Mimi naona kinyume. Muuguzi wa zahanati anayetumia dawa chache anajua kipimo chake kwa uzito wa mtoto, anajua ipi haipatani na ipi, anayatambua madhara yakianza kujitokeza. Mwongeze majina 15 ya kibiashara ya kitu kilekile na kosa litapata pa kupenyea. Mfano wa karibu ni paracetamol. Mtu anameza Panadol kwa kichwa, halafu anaongeza vidonge vya mafua vya jina jingine, navyo vina paracetamol ndani yake. Mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ini halijui kwamba maboksi yalikuwa mawili tofauti. Ndiyo maana orodha ya taifa hutaja dawa kwa jina lake lenyewe, si kwa jina la kampuni, na daktari anatakiwa aandike vivyo hivyo.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) husajili dawa. Inakagua ubora, usalama na kiwanda, kisha inaruhusu iuzwe nchini; kazi hiyo iliwahi kutambuliwa mwaka 2018, mamlaka ikiwa bado inaitwa TFDA, ilipokuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu katika vipimo vya WHO. Dawa iliyosajiliwa ni halali sokoni. Dawa iliyo kwenye orodha imevuka kizingiti kingine: kati ya zote zilizo halali, hii ndiyo taifa limeamua kuigharimia. Kwa hiyo dawa inaweza kuwa salama, halali, imejaa famasi, na bado isiwe dawa muhimu. Haina maana kwamba ni mbovu.

Antibiotiki zina utaratibu wao wa ziada. Tangu 2017 WHO imezigawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza, lenye amoksilini, ni la matumizi ya kawaida. La pili ni la tahadhari. Humo mna siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni, ile sindano inayochomwa ovyo mitaani kwa kila homa. La tatu ni la akiba, mathalani kolistini, ambazo haziguswi mpaka nyingine zote zimeshindwa. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani zitoke kundi la kwanza. Anayelazimisha "dawa kali" kwa kikohozi cha virusi anakula akiba ya wodi ya watoto wachanga.

Orodha ya Tanzania ina jambo jingine ambalo mgonjwa hulihisi bila kuliona: ngazi. Kila dawa ina herufi ya mahali inapoanzia kuruhusiwa, kuanzia A kwa zahanati, kupanda kwenye kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, mpaka S kwa hospitali za ubingwa. Kenya wana mfumo unaofanana, ila wao wanatumia namba za ngazi za vituo, 1 hadi 6. Hoja ni ya usalama kabla ya kuwa ya fedha: dawa inayohitaji kupima figo au damu kila baada ya siku chache haina cha kufanya mahali pasipo na maabara. Lakini ngazi zina ukali wake. Mtu wa kijijini mwenye ugonjwa sugu, aliyeanzishiwa dawa hospitali ya rufaa, akirudi nyumbani anakuta zahanati yake hairuhusiwi kuwa nayo, na nauli ya kuifuata kila mwezi inapita thamani ya vidonge. Hapo nadhani wapangaji wanapaswa kusikiliza zaidi.

Kuhusu gharama, kuna dhana kwamba dawa muhimu maana yake dawa za bei rahisi. Ilikuwa karibu kuwa kweli zamani. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV), karibu zote, zilikaa nje ya orodha ya WHO kwa miaka kwa sababu ya bei. Matibabu ya mwaka mmoja kwa mtu mmoja yalipita dola 10,000. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza mchanganyiko wake kwa dola 350 kwa mwaka, na mwaka 2002 ARV 12 zikaingia kwenye orodha. Tangu hapo bei kubwa peke yake si sababu ya kuiacha dawa nje. Mwaka 2015 iliingia trastuzumab ya saratani ya matiti, ghali mno wakati huo. Mantiki imegeuka: dawa ikishaitwa muhimu, serikali, mashirika na watengenezaji wanabanwa kutafuta njia ya kuishusha bei.

Orodha fupi hupunguza gharama kwa njia ya kawaida ya soko. Bohari ya Dawa ikinunua aina moja ya dawa ya shinikizo la damu kwa nchi nzima inapata bei ambayo haiwezi kuipata ikigawa fedha hiyohiyo kwa aina sita zinazofanya kazi ileile. Bima nayo huegemea hapohapo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) una kitita chake cha mafao, na mwongozo wa taifa ndio msingi wa kubishania nini kilipwe. Machi 2024, bei mpya za kitita zilipoanza, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wenye kadi, na wagonjwa wakajifunza kwa njia ngumu kwamba jedwali la bei linaweza kufunga mlango wa wodi.

Yote haya humfikia mwananchi kupitia dirisha la dawa, kwa jibu fupi: "Haipo." Jibu hilo lina sura kadhaa, na inafaa kuuliza ni ipi. Pengine dawa imo kwenye orodha, inaruhusiwa ngazi hiyo, ila imeisha. Hapo lawama haiko kwenye orodha bali kwenye usambazaji, na kituo kina njia ya kufuata: Bohari ikikosa, utaratibu wa Jazia ulioanzia Dodoma mwaka 2014 unakiruhusu kinunue kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Pengine dawa ni ya ngazi ya juu, basi unachohitaji ni rufaa. Pengine imeandikwa kwa jina la kibiashara ambalo kituo hakina wakati dawa yenyewe ipo rafuni kwa jina lake halisi. Mwombe mfamasia akusomee kilichomo ndani. Na pengine kweli haimo kwenye orodha kabisa. Kabla ya kukimbilia famasi na kulipa mfukoni, rudi kwa daktari umuulize kwa nini ameichagua na ile ya kwenye mwongozo ina kasoro gani kwako. Zipo sababu halali, kama mzio au tiba ya kwanza kushindwa, na daktari mwenye sababu hatachukia swali.

Orodha yenyewe haikai bado. WHO huipitia ya kwake kila miaka miwili, na ile ya 2023 ilikuwa imefika dawa 502. Vimelea vya malaria vinavyoanza kuihimili artemisinini vimeshabainika Rwanda, Uganda na katika mkoa wa Kagera, na artemisinini ndiyo uti wa mgongo wa ALu. Wahudumu wa Kagera wanaohakikisha mgonjwa anamaliza dozi zote sita kwa siku tatu, tena baada ya kula, wanairefushia ALu maisha ndani ya kile kitabu.