Cocagne, nchi ya shibe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika Ulaya ya zama za kati, watu walisimuliana habari za nchi ambako chakula hakiishi. Wafaransa waliiita Cocagne, Waitaliano Cuccagna, na Wajerumani Schlaraffenland.

Dhana: ni ndoto ya wavivu.

Wenye kusema hivi hushika sehemu moja ya shairi la Kifaransa la karne ya 13, isemayo kuwa huko anayelala zaidi ndiye anayelipwa zaidi. Lisome lote. Kuta za nyumba ni samaki, mapaa ni nyama ya nguruwe. Bata bukini wanono wanajibanika wenyewe barabarani, na mto ni nusu divai nyekundu, nusu nyeupe. Kisha linakuja jambo zito: Kwaresima hufungwa mara moja tu kila miaka 20! Kanisa lilikataza nyama siku zote za mfungo huo, na kwa mkulima huo ndio msimu ambao akiba ya ghalani inakaribia kwisha na mavuno mapya bado. Hiyo ni sauti ya watu waliofanya kazi nyingi wakala kidogo, na kuwaita wavivu ni kuwaonea.

Dhana: jina lilitokana na utajiri wa mji wa Toulouse.

Kusini mwa Ufaransa utaambiwa hivyo kwa uhakika kabisa. Huko majani ya mmea unaotoa rangi ya buluu ya kutia nguo yalisagwa, yakafinyangwa kuwa mabonge yaliyoitwa cocagne, yakakaushwa na kuuzwa mbali. Wafanyabiashara walitajirika kweli: jumba la Pierre Assézat, aliyekuwa mmoja wao, bado limesimama mjini. Ila neema hiyo ilishamiri katika karne ya 15 na ya 16, kisha ikazimwa na vita vya kidini na ushindani wa nili, rangi nyingine ya buluu, kutoka India. Shairi lilikuwapo zaidi ya miaka 100 kabla ya neema hiyo.

Dhana: ni jina jingine la Peponi.

Shairi la Kiingereza lililoandikwa Ireland katika karne ya 14 linakanusha waziwazi. Linasema Peponi hakuna chakula ila matunda, wala kinywaji ila maji, na wakazi wake ni wawili tu, Henoko na Eliya. Njia ya kufika Cocagne nayo haina utakatifu wowote: ni kutembea miaka saba ndani ya kinyesi cha nguruwe kinachofika kidevuni.

Dhana: ni hadithi tu, haikumdhuru mtu.

Katika karne ya 18, wafalme wa Napoli waliijenga Cuccagna mbele ya jumba lao: vilima vya jibini, mikate na nyama, na wanyama hai wamefungwa humo. Ishara ikitolewa, maskini waliruhusiwa kuvamia huku wakubwa wakitazama kutoka roshani. Watu waliumia, na wengine walikufa wakigombea chakula.