Eti kusikiliza ni kupoteza muda? Tuweke sawa mambo ya podikasti na vipindi vya redio

Kila nikisema jambo fulani nimelisikia kwenye podikasti, yani vipindi vya sauti vya kupakua mtandaoni, naona mtu ananiangalia kama nimeliokota kijiweni. Mimi nasikiliza kila siku kwenye daladala, kwenda na kurudi, sayansi, biashara, hadithi, utamaduni, na miaka yote hii nimekusanya maneno ambayo watu wanayarudia kwa uhakika kabisa na sio kweli.

Nianze na la haraka, la bando. Watu wanaogopa kwamba sauti inakula bando kama video. Hapana. Kipindi cha nusu saa kikiwa kwenye ubora wa 64 kbps (kilobiti 64 za data kwa sekunde), ambao kwa maongezi ya kawaida unatosha kabisa, ni kama MB 14 na pointi, basi. Na ukishakipakua kwenye Wifi ya kazini unakisikiliza njia nzima bila hata kuwasha data.

Alafu kuna hili la "kusikiliza sio kusoma, hushiki kitu." Hapa ukweli una pande mbili na naomba tuwe wakweli. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waligawa watu makundi matatu, hawa wakasoma sehemu ya kitabu, hawa wakaisikiliza, hawa wakafanya vyote kwa pamoja, walipopimwa uelewa hakukuwa na tofauti ya maana. Lakini kile kilikuwa kisa cha kweli kinachosimuliwa kama hadithi. Utafiti mwingine wa 2010 uliwapa wanafunzi wa chuo makala ya kitaaluma, wengine kwa maandishi wengine kwa sauti, na kwenye jaribio waliosoma waliwaacha wenzao mbali. Kwenye karatasi jicho linarudi lenyewe pale usipoelewa, ila sauti haikusubiri, inaenda tu. Kwa iyo mimi kikiwa kipindi cha fizikia au uchumi mgumu nasimamisha, narudisha nyuma, napumzika, naendelea, na sioni aibu kusikiliza dakika 20 kwa saa nzima.

Na wale wa kuweka sauti usiku ili "iingie kichwani" umelala: miaka ya 1950 kule Marekani watafiti Simon na Emmons walipima mawimbi ya ubongo wakati wanawasomea watu maswali na majibu yake, na mtu akishalala kweli hakukumbuka kitu. Lala tu.

Sasa lile linalosumbua zaidi vijana wanaosikiliza mambo ya biashara. Utasikia "maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, sauti 38, mwili 55." Kwenye semina za mauzo ni kama aya ya dini. Zile namba zinatoka kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian, mwaka 1967, na alikuwa anapima kitu kidogo sana, yani mtu akisikia neno moja lililotamkwa kwa sauti isiyoendana nalo, au akaoneshwa picha ya uso, anahisi msemaji anampenda au hampendi. Ni hisia tu hizo. Mehrabian mwenyewe alishaeleza kwamba namba zake hazihusu mazungumzo yote. Na wewe jipime, fungua redio ya lugha usiyoijua uone kama kweli sauti peke yake inakupa asilimia 38 ya habari.

Linafanana na lile la "imesemwa TED, basi imethibitishwa." Jamani TED, lile jukwaa la hotuba fupi, naipenda. Ilianza 1984 California, hotuba zikawekwa bure mtandaoni 2006, na 2007 walikuja Arusha hapa, ndo William Kamkwamba wa Malawi akasimama kueleza alivyojenga kinu cha upepo nyumbani kwao. Lakini jukwaa ni jukwaa na maabara ni maabara. Mwaka 2012 mwanasaikolojia Amy Cuddy alisema pale kwamba ukisimama kwa kujitanua dakika 2 homoni zako zinabadilika, na mamilioni wakaipokea. Utafiti wenyewe ulikuwa na watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine wakaurudia kwa watu 200, watu walisema wanajihisi wana nguvu zaidi, sawa, ila homoni hazikusogea. Mwaka uliofuata Dana Carney, ambaye jina lake ndo la kwanza kwenye ule utafiti wa mwanzo, akaandika hadharani kwamba haamini tena kuwa jambo lile ni la kweli. Kwangu huo ndo ujasiri wa kisayansi, na natamani ungesikika kama hotuba ilivyosikika.

La mwisho ndo linaniuma, kwamba hadithi za redio ni za kupitishia muda, mtu makini asikilize habari na mihadhara. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Waliousikiliza wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, wanawake huku na huku njia nzima, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto na shida zote. Mkwaju akaja kufa kwa ukimwi. Wengi wetu hatujui kwamba ule mchezo ulipimwa kama dawa inavyopimwa. Kuanzia 1993 hadi 1995 eneo la Dodoma halikurushiwa, kituo cha kule kiliweka vipindi vingine, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Kwenye maeneo yaliyosikia uzazi wa mpango ulipanda, watu wakaongea zaidi na wenza wao mambo ambayo zamani yalikuwa hayasemeki ndani ya nyumba, wengine wakasema wamepunguza wapenzi. Mkwaju hakumhutubia mtu, aliishi tu vibaya watu wakiwa wanasikia. Alafu 1995 mchezo ukafunguliwa na Dodoma, na matumizi ya uzazi wa mpango yakaanza kupanda na kule.