"Tuna kisima, maji si shida": dhana za maji zinazonichosha Lamu

Naitwa kurekebisha mfereji wa jikoni, na kabla sijafungua wosha, kile kimpira cha ndani yake, mwenye nyumba ananiambia: "Fundi, usijisumbue sana, sisi tuna kisima." Nimeyasikia maneno haya Mkomani, nimeyasikia Langoni, na Shela ndiyo usiseme. Wiki hii yamenifika tena, kutoka kwa bwana mmoja aliyetaka nitafute vijana wamchimbie kisima chake kiende chini zaidi, kwa kuwa maji yameanza kuonja chumvi. Kazi ile nimeikataa. Naandika sababu zangu hapa, na nikiwa hapo hapo nitataja na dhana nyingine chache ambazo kila fundi wa maji wa kisiwa hiki amezisikia mpaka zimemchosha.

"Kubana maji ni kwa watu wa mfereji. Mwenye kisima hana bili."

Tuanze na maji yenyewe yanakotoka. Kisiwa cha Lamu hakina mto wala ziwa. Wenzetu wa Malindi wanaletewa maji kwa bomba kutoka Baricho, kwenye Mto Sabaki. Sisi maji matamu yaliyo chini ya miguu yetu yameshuka na mvua. Mvua inanyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela, mchanga unaimeza upesi kabla jua halijaikausha, na maji yanazama. Mji mzima wa Lamu umenyweshwa na vilima vile, ndiyo maana watu wenye akili wamepiga kelele kila inapotajwa habari ya kujenga juu yake au kuchota mchanga wake.

Wengi wanaamini kuwa kuna mkondo unaopita chini kwa chini kutoka bara, kwa hiyo kisima hakiishi. Hakuna mkondo huo. Maji matamu yamekaa katikati ya chembe za mchanga na mawe, yakielea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa kutoka kila upande. Yanaelea kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito zaidi: lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, na lita ya maji matamu kilo 1. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, na hapo ndipo penye hatari.

Wataalamu wa maji ya ardhini wana hesabu moja ambayo natamani ingefundishwa kila skuli ya kisiwani. Kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Watu wakisikia mita 40 hufurahi, wakadhani ni akiba kubwa. Isome kwa upande wa pili. Ukiushusha uso wa maji kwa nusu mita tu na ukaendelea kuuweka hapo, ile bahari ya chini itapanda, polepole lakini itapanda, kuelekea mita 20. Na pale penye pampu haipandi sawasawa. Inainuka kama kichuguu, ncha yake ikielekea palepale bomba linapovuta.

Zamani kisima kilikuwa na ndoo na kamba. Mkono ulichoka, kisima kikapumzika, maji ya pembeni yakarudi taratibu. Pampu ya umeme haichoki. Inawashwa baada ya Isha, mtu analala, na asubuhi tangi linamwaga barabarani huku kisima kimevutwa usiku kucha.

Sasa turudi kwa bwana wangu wa kuchimba. Maji yakianza chumvi maana yake ncha ya bahari imeshafika karibu na mdomo wa bomba. Ukichimba chini zaidi unaifuata. Utapata maji mengi, hilo sikatai, lakini utakuwa umejifungulia bahari, na jirani yako aliye hatua ishirini kutoka kwako utakuwa umemharibia naye. Kwenye bara lenye mwamba na maji ya kina, kuchimba zaidi huenda kukasaidia. Kwenye kisiwa cha mchanga ni kujimaliza.

Linalofaa ni kinyume chake. Nyanyua mdomo wa bomba la kuvutia uwe karibu na uso wa maji, uache nafasi ya kutosha tu ili lisivute hewa maji yanaposhuka. Tumia pampu ndogo. Vuta kidogo asubuhi, kidogo alasiri, kidogo usiku, na katikati ukiache kisima kipumzike. Usijaze tangi la lita 5,000 kwa mvuto mmoja. Visima vya karibu na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa hiyo ukitaka kujua kama chumvi inaongezeka, onja maji wakati uleule wa kujaa au kupwa, bamvua (maji makubwa) kwa bamvua, maji mafu (maji madogo) kwa maji mafu. Mimi huwaambia wateja wangu waweke daftari dogo jikoni: tarehe, hali ya bahari, ladha. Wengine wananiona nawachosha. Ila daftari hilo huiona chumvi kabla chai ya asubuhi haijaharibika, na wakati huo bado kuna la kufanya.

Kwa sababu ikishaingia haitoki kwa haraka. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapungua kwa mvuke, chumvi inabaki palepale, tena imezidi ukali. Dawa ya kuua vijidudu nayo haigusi chumvi hata kidogo. Mitambo ya kuondoa chumvi ipo, lakini inakula umeme, na yale maji makali inayoyabakisha lazima yatupwe mahali. Dawa ya kweli ni kupunguza kuvuta na kungoja mvua, na pengine ungoje mvua za misimu mingi.

Anayeona natisha watu avuke mlango wa bahari aende Takwa, kisiwani Manda. Ulikuwa mji wa mawe wenye msikiti na ukuta, ukaishi baina ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa. Miongoni mwa sababu ambazo watu wa historia huzitaja ni kuwa visima vyake viliingia chumvi. Watu wa Shela, ambao hunasibisha asili yao na Takwa, bado huenda kule kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo. Hiyo ndiyo bili ya kisima.

Kwa hiyo kila ndoo unayoibana ndani ya nyumba ni dakika ambazo pampu haikuwaka. Na ukiniuliza wapi pa kuanzia, nitakwambia usianze bafuni. Panda juu kwenye tangi. Pita vichochoro vya Mkomani asubuhi uangalie kuta: utaona bomba dogo la kipenyo cha kidole limetokeza ukutani, na chini yake mstari wa kijani uliolowa, chokaa imevimba na kubanduka mpaka jiwe la matumbawe likaonekana. Ni maji ya tangi yaliyofurika, mwaka baada ya mwaka. Maji yamepotea, kisima kimevutwa bure, na ukuta wa mababu unaliwa. Swichi ya floti inayozima pampu tangi likijaa ni kitu kidogo, na umeme inaouokoa utairudisha bei yake. Sijapata kuona kitu kinachookoa maji mengi kwa kazi ndogo kiasi hicho, na ndicho kitu cha mwisho watu kununua.

"Ni matone tu."

Tega kikombe cha kupimia chini ya mfereji kwa saa moja. Ukikuta mililita 200, ambazo hazifiki glasi moja, zidisha: ni karibu lita 5 kwa siku, na zaidi ya lita 1,700 kwa mwaka. Wosha ni kipande cha mpira. Na usiukaze mfereji kwa nguvu za hasira ili uache kuvuja, maana hapo unaikata wosha na kuiharibu sehemu inapokalia, na mwishowe unanunua mfereji mzima.

Kibaya kuliko mfereji ni choo, kwa kuwa choo huvuja kimya kimya. Chukua rangi ya biriani kidogo, itie kwenye tangi la choo, usivute maji kwa nusu saa. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa chini umekwisha. Nimezikuta nyumba ambazo pampu ilikuwa ikiwaka kila siku kwa ajili ya choo ambacho hakuna aliyekijua kuwa kinavuja.

"Shawa hutumia maji kidogo kuliko birika."

Shawa ya kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika. Dakika tano ni lita 40 au 50. Mtu mzima mwenye kata na ndoo huoga akatakata kwa lita 15 hadi 20. Wanaobomoa birika, lile tangi la kujengwa la maji ya kuogea lililomo kwenye choo cha zamani, ili watie shawa "ya kisasa ya kubana maji" wameuziwa uongo. Birika liacheni. Tena msilimwage kila wiki kwa kuhofia mbu. Wazee walijua la kufanya, wakatia samaki wadogo ndani wakala viluwiluwi. Sharti ni moja: sabuni isiingie birikani. Chota, ogea nje yake.

"Udhu wa maji mengi ndio udhu safi."

Hili nalisema kwa adabu, kwa kuwa mimi si shekhe. Lakini hadithi ya Mtume (S.A.W.) kutia udhu kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja tumeisoma sote chuoni, yaani madrasa. Mudi haifiki lita moja. Mfereji uliofunguliwa wazi huku mtu akisugua miguu na kuzungumza na mwenzake hutoa lita sita au zaidi kwa dakika. Kopo lenye mdomo, birika la mkono, au mfereji uliofunguliwa kwa uzi mwembamba, chochote katika hivyo kinatosha. Ombi langu kwa kamati za misikiti ni kuweka mifereji ya kubonyeza inayojifunga yenyewe.

"Maji ya mvua hayafai, na Lamu hainyeshi vya kutosha."

Watu wa Pate, Faza na Kizingitini wameishi kwa majabia, yale matangi ya kujengwa ya kukusanyia maji ya mvua, vizazi na vizazi, kwa mvua hiihii. Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati au sakafu ya juu ya mita 6 kwa 10, mvua ya milimita 10, ni lita 600. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, unabaki na 480, ambayo ni mitungi 24 ya lita 20. Hiyo ni mvua moja ya masika, na wala si kubwa. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha elekeza mlizamu kwenye tangi, funika, tia wavu. Kwa kunywa, yachemshe. Kwa kufua na kuosha, yako tayari, tena sabuni hutoa povu zaidi kuliko kwa maji ya kisima. Paa la makuti ndilo lisilofaa kwa kazi hii, maji yake hutoka na rangi na uchafu.

Nawasihi hasa wenye nyumba za wageni, walio na sakafu kubwa za juu: maji yanapita milizamuni yakienda baharini, na saa ileile pampu yenu inavuta kisimani.

"Maji yaliyotumika huua mimea."

Maji ya kuoshea mchele, mboga na matunda mimina moja kwa moja. Ya kufulia yenye sabuni ya kawaida yanafaa kwa mnazi, mwembe na mkoma manga, ukiyamimina kwenye udongo mbali na majani. Yenye jiki yatupe. Maji ya sabuni usiyatie kwenye mchicha au nyanya zitakazoliwa, wala usiyamwage karibu na kisima, kwa kuwa mchanga unaomeza mvua unameza na hayo. Mwagilia alfajiri au magharibi. Ya adhuhuri huchukuliwa na jua na upepo.

"Tia jiwe ndani ya tangi la choo."

Fikira ni nzuri, kifaa ndicho kibaya. Matangi ya zamani hushusha lita 9 au zaidi kwa mvuto mmoja, na kupunguza lita moja hakudhuru. Lakini jiwe la matumbawe au tofali humumunyuka, mchanga wake ukakaa chini ya mpira, na choo kikaanza kuvuja mchana na usiku, ukapoteza maradufu ya ulichookoa. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja, ijaze maji na kokoto mbili tatu ili isielee, kaza kifuniko, isimamishe pembeni ambapo haigusi mkono wa floti. Kisha vuta maji mara moja uangalie: kama bakuli halisafiki vizuri, weka chupa ndogo zaidi, kwa sababu choo kinachovutwa mara mbili kila mara hakijaokoa kitu.