"Mbona hapa patupu?" Maneno yasiyo kweli kuhusu mabango mepesi ya muvi

Nafanya dizaini na printi hapa mjini Unguja, si mbali na Darajani, na neno ninalolisikia kuliko yote mtu akija kuchukua bango la muvi yake ni hili: "Mbona hapa patupu? Jaza kitu basi." Anaonesha kwa kidole palepale ambapo mie nimehangaika siku mbili ili pabaki patupu. Haya mabango mepesi, yenye picha moja na rangi mbili tatu basi, yanasemwa mengi na mengi katika hayo si kweli, sasa leo nayasema yote.

Dhana: ni kazi ya mvivu

Hii ndo inayoniuma khasa. Mtu anakwambia kitu chenyewe kimoja tu, mbona bei sawa na yule uliyemuwekea watu kumi? Ami, wale kumi ni kukata picha na kupanga, huyu mmoja inabidi nimtafute kwanza. Kuna kisa cha Lucian Bernhard, kijana wa Berlin mwanzo wa karne ya 20, aliingia mashindano ya kuchora bango la viberiti vya Priester. Inasimuliwa kuwa kwanza alichora meza, kitambaa, kisahani cha majivu na sigara yake, viberiti pembeni, na wasichana wanacheza ndani ya moshi, rafiki yake akalitizama akasema bango zuri la sigara hili! Bernhard akaanza kufuta, akafuta wasichana, akafuta sigara, akafuta mpaka meza, zikabaki njiti mbili na jina Priester juu ya rangi moja tupu ya hudhurungi. Akashinda. Sasa niambie hapo uvivu uko wapi, maana vile alivyovifuta vyote alishavichora.

Saul Bass naye, mdizaini wa Marekani, mwaka 1955 alipewa muvi ya The Man with the Golden Arm, mtu amenasa kwenye heroini. Akaweka mkono mweusi umepindapinda kama umekatwa kwa mkasi vibaya. Bango lililotoka lilikuwa na picha za Frank Sinatra na wenzake ndani ya vipande vya rangi, lakini muulize anaelijua anakumbuka nini, atakwambia mkono.

Dhana: bila sura ya staa halivuti mtu

Tizama bango la muvi ya Alien ya 1979, yai moja limepasuka linatoa mwanga wa kijani gizani. Hamna mtu. Na yai lenyewe umbo lake kama la yai la kuku tu, kwenye muvi mayai hayako vile kabisa, ila ukilitizama unajua humo ndani mna kitu usichotaka kitoke, na hiyo ndo hofu ya muvi yote. Batman ya 1989 walikuwa na Jack Nicholson, staa mkubwa, na bado bango la mwanzo likawa alama ya popo na tarehe ya kutoka, jina la muvi hata halikuandikwa.

Lakini niseme na upande wa pili, popo yule alishajulikana na watu miaka hamsini kabla. Kijana akija na muvi yake ya kwanza, hamna anaeijua, siwezi kumwambia aweke alama tupu akae asubiri watu. Kwake yeye kile kitu kimoja lazima kitoke ndani ya kisa chenyewe, kimfanye mtu aulize.

Dhana: mambo ya Wazungu haya, sie tunapenda nakshi

Nakshi tunazipenda kweli, wala sibishi. Lakini pita vichochoro vya Mji Mkongwe utizame vizuri zile nyumba za zamani, ukuta mrefu wa chokaa, mweupe, hauna hata ua moja, halafu mlango mmoja umejaa nakshi, minyororo pembeni, samaki chini, misumari ya shaba. Fundi angechonga na ukuta wote, nani angeuona mlango? Ule ukuta ni sehemu ya mlango. Na kanga je? Ina pindo, ina mji pale katikati, kisha jina lenyewe maneno machache tu, na mama akilivaa mtaa mzima unajua kamlenga nani. Huu ufundi wa kusema kidogo kikafika tunao siku nyingi, labda hatujazoea kuuona kwenye bango la muvi kwa sababu wazee wetu waliokuwa wakienda sinema ya Majestic pale Vuga walikua na mabango ya muvi za Kihindi, sura kubwa kubwa, rangi zinawaka.

Dhana: lazima lisiwe na maandishi

Hapana. Hata yale mepesi ya Marekani, mengi yake utakuta chini ile mistari ya herufi nyembamba zilizobanana, ni majina ambayo mikataba inataka yawepo. Yanabanwa chini ili juu papumue.

Dhana: bango la vitu vingi ni la kishamba

Hii wanaisema wadizaini wenzangu, na wanakosea. Drew Struzan, mchoraji wa mabango ya muvi wa Marekani, alichora nyuso tele kwenye bango moja na huchoki kulitizama. Ghana wachoraji walikuwa wakichora kwenye magunia ya unga kwa ajili ya vibanda vya video, majini, damu, nyoka, vyengine kwenye muvi havimo kabisa, na yalifanya kazi yake ya kumsimamisha mtu njiani. Tofauti ni kuwa sasa bango linaonwa kwenye simu, dogo kama stempu, nyuso kumi zinakuwa madoa kumi.

Juzi nimemaliza la vijana wa Pemba, muvi fupi kuhusu mvuvi asiyerudi. Ngalawa moja, bahari, basi. Mwenye muvi akaniuliza lilelile, mbona patupu. Nikamwambia mrushie mama yako Wete kwa WhatsApp usimwambie kitu. Mama akajibu kwa voisi: "Zuri mwanangu, lakini huyo mwenye ngalawa kenda wapi?"

Mwenye muvi akaniambia niliprinti hivyohivyo.